Makopo Kumi na Moja Chini ya Dirisha

Udongo uliolowa ukiwa shambani una harufu moja, na ukiwa ndani ya chumba cha kulala una nyingine kabisa. Shambani harufu inapita na upepo. Chumbani inakaa. Inaingia kwenye shuka, kwenye sare ya shule iliyotundikwa msumarini, kwenye nywele, mpaka ukinywa chai asubuhi unahisi umekunywa na udongo kidogo. Mwaka niliokuwa darasa la nne chumba changu kilinuka hivyo kwa wiki tatu na zaidi, kwa sababu chini ya dirisha, kando ya kitanda nilicholala na bibi yangu, kulikuwa na makopo kumi na moja ya udongo mweusi, na ndani ya udongo huo mbegu za mahindi. Wala hayakuwa mahindi ya ugali. Yalikuwa mahindi matamu, yale ya kuchemsha na kutafuna yakiwa mabichi, ingawa siku zile hakuna hata mmoja wetu aliyejua tofauti. Nimesimulia watu mambo mengi ya utoto wangu, ya kuchekesha na ya kujisifu, maana mdomo ninao. Hili la makopo sikuwahi kulisimulia mpaka mwaka huu.

Tulikaa Igogo, mtaa wa mjini karibu na ziwa, kule juu ambako nyumba zimepanda mlima zikishikilia mawe. Mahali pale palikuwa na kila kitu isipokuwa udongo. Uani kwetu kulikuwa na jiwe moja kubwa, tambarare, ambalo tulilitumia kuanikia nguo, kukaushia mihogo na kukalia jioni, na jua likiwaka sana ungelivuka pekupeku kwa kurukaruka. Mama alikuwa akianika na kuuza dagaa kwenye soko la Mwaloni, kule Kirumba. Aliondoka nikiwa bado nimelala, akarudi jioni amechoka, na kwa kuwa mwaka ule alikuwa na mimba, akifika alikaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu iliyovimba, na hakutaka maneno mengi. Baba alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya familia moja ya kigeni karibu na ziwa. Mimi ufunguo wa nyumba niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Nikitoka shule nilifungua mlango mwenyewe, nikala kiporo mwenyewe, nikaongea mwenyewe. Niliuchukia ule ufunguo. Ukinigusa kifuani ulikuwa wa baridi hata mchana wa jua kali, na mpaka leo sivai mkufu wala cheni yoyote shingoni.

Kisha baba akaenda kumleta Bibi. Bibi alikuwa mama yake mzazi, aliishi kijijini upande wa Magu, na macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili, kiasi kwamba aliona mwanga na vivuli tu. Mwaka huo, baada ya mavuno, nusura atumbukie kisimani, na baba akasema basi, inatosha. Alishuka kwenye basi na kibuyu, mkeka, na kanga mbili, na neno la kwanza aliloniambia baada ya kunipapasa uso mzima lilikuwa, "Kumbe ndiye wewe, mke mwenzangu." Ule ni utani wa mabibi na wajukuu wa kike, kila mtu anaujua, lakini Bibi yangu aliuchukulia kama kazi. Babu alikuwa amekufa zamani, ila Bibi alimlaumu kila siku kwamba alimwoa yeye kwa ng'ombe wengi halafu akamwachia mke mdogo asiyejua hata kusonga ugali. Nikichelewa kutoka shule alininunia, ati nimekwenda kuonana na mume wetu kwa siri. Nilikuwa nikicheka mpaka nakaa chini. Ufunguo niliutundika ukutani. Nilipopanda mlima na mkoba wangu wa shule nilianza kumwita nikiwa bado kwa majirani, na yeye akaitika kutoka kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na mtu nyumbani anayenisubiri.

Lakini Bibi hakuja kukaa. Kichwani mwake alikuwa amekuja kutembea. Sisi tulimwona amehamia, yeye alijiona mgeni, na mgeni mwenye shamba hukaa kwa wasiwasi msimu wa kilimo ukikaribia. Kila asubuhi alitoka nje, akageuza uso upande wa ziwa, akavuta hewa puani na kuuliza, "Mbula imefika wapi?" Mbula ndiyo mvua kwa Kisukuma. Alikuwa akichanganya lugha hivyo akiwa na hamu na jambo. Baba alimjibu kwamba bado, mama. Alikula kidogo, akasema chakula cha kununua hakina ladha. Alisema anasikia aibu kuamka asubuhi asijue aende wapi. Kijijini kwao Bibi alikuwa na jina lake, na jina hilo lilitokana na mkono wake wa kulia. Watu waliamini kwamba una mkono mzuri wa kupanda au huna, umezaliwa nao, na majirani walikuwa wakija kumchukua aende kwenye mashamba yao kufukia mbegu za mstari wa kwanza, ndipo wao waendelee. Hata baada ya macho kufifia waliendelea kumfuata na kumshika mkono mpaka shambani. Huko ndiko alikotaka kurudi, awahi kabla watu hawajapanda bila yeye.

Jioni moja baba alirudi na pakiti ya karatasi iliyokunjwa mdomo. Wageni waliokuwa wakikaa kwenye ile nyumba yenye bustani walikuwa wanahama, wakawa wanagawa vitu, na yeye akapewa mbegu zilizobaki, pakiti yenye picha ya mhindi wa njano na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Mmoja wao alimwambia kwamba kwao mahindi hayo huanzishwa ndani ya nyumba, kwenye vikopo karibu na dirisha, yakishaota ndipo yanahamishiwa nje. Baba alipomweleza Bibi hayo, Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Kabichi unahamisha, nyanya unahamisha, mpunga unahamisha, lakini mahindi? Mahindi unayafukia pale pale utakapoyavunia. Watu wa wapi hao wanaolala chumba kimoja na mahindi? Baba akamwacha acheke, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimekaa miguuni pa Bibi nikimkuna kisigino.

"Mama, ziotesheni hapa ndani wewe na mjukuu wako. Zikiota, nakupeleka nyumbani, wewe na miche yako, ukapande kwako."

Bibi aliacha kucheka. Alimwuliza kama anasema kweli, baba akasema kweli. Akaomba aletewe maji ya kunawa mkono hapo hapo, na mimi ndiye niliyekwenda kuyaleta, nikiburuta miguu bila kujua kwa nini. Leo najua. Ilikuwa hofu, na ndani ya ile hofu kulikuwa na hasira. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini.

Kesho yake baba alileta gunia nusu la udongo mweusi kutoka kule kwenye bustani, bado una vigamba vya konokono. Makopo yalikuwa ya maziwa ya unga na ya rangi, na kila moja baba alilitoboa chini kwa msumari ili maji ya ziada yatoke. Bibi alikaa sakafuni, akanyoosha miguu, akamwaga mbegu kwenye ungo na kuzipitisha vidoleni. Akazipitisha tena. Zilikuwa zimesinyaa, nyepesi, zimekunjamana kama uso wa mtu mzee sana, na kwa mtu aliyelima mahindi ya kawaida miaka yote, punje ya namna hiyo ni pepe, ni ya kutupia kuku. Alizitia kwenye bakuli la maji, kama walivyozoea kwao, ili nzuri zizame na mbovu zielee. Nyingi zilielea. Aliponiuliza ngapi zimezama nikamwambia chache, akaguna. Lakini mbegu nyingine hakukuwa nazo, na ahadi ya baba ilikuwa juu ya hizi. Akazipanda zote, zilizozama na zilizoelea, mbili mbili kila kopo, akisukuma kila punje kwa kidole cha shahada mpaka kifundo cha kwanza, na akifukia alikuwa akizisemesha kwa Kisukuma, polepole, kama unavyobembeleza ng'ombe asiyetaka kukamuliwa. Kopo la mwisho, lililobakiwa na mbegu moja tu, lilikosa nafasi sakafuni, tukaliweka juu ya ukingo wa dirisha. Kazi ya kumwagilia akanipa mimi, kwa kuwa yeye haoni maji yanapofika. Kikombe kimoja cha chai, akasema, ukigawe kwa makopo yote, asubuhi tu. Mbegu dhaifu haitaki maji mengi.

Nisijitetee kwa utoto. Nilikuwa na miaka kumi na nilijua ninachofanya. Nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikakilainisha kwa maji, nikainua kopo moja baada ya jingine na kuziba vile vitobo vya chini. Kisha nikamwaga maji kwa jagi. Nilifanya hivyo kila nilipotoka shule, Bibi akiwa nje kwenye jiwe anaota jua na kunisubiri nimletee chai. Yaliyofurika sakafuni niliyafuta kwa tambara na kulianika mbali. Halafu nilitoka nje na chai yake, nikakaa karibu naye, na yeye akaniuliza miche yetu inaendeleaje, mke mwenzangu, nami nikasema bado, Bibi, tuvumilie. Jamani, nilikuwa nikisema hivyo bila hata sauti kutetemeka. Kila asubuhi alipiga magoti chini ya dirisha na kupitisha viganja juu ya makopo bila kuyagusa, halafu akashusha vidole kwenye udongo taratibu akitafuta ufa, maana mhindi kabla haujatokeza hupasua udongo kidogo, na vidole vyake viliujua ule ufa kuliko macho ya wengine. Baada ya wiki moja harufu ya udongo ikawa harufu ya kinamasi. Bibi aliinusa kabla ya mtu yeyote. Alisema labda ni hewa ya mjini.

Kopo la dirishani sikuwa nalifikia vizuri. Ilinibidi nipande kitandani na kujinyoosha, na siku nyingine nilikuwa mvivu, nikalirushia maji kidogo tu na kushuka. Vitobo vyake nadhani sikuviziba. Siku moja nilirudi shule mchana, nikaingia chumbani kubadili sare, nikaona kitu kimesimama pale juu. Kilikuwa kijani hafifu, kimejisokota kama karatasi iliyoviringishwa, kimechongoka, kirefu kama nusu ya kidole changu. Nilikitazama na nisidanganye, kilikuwa kizuri. Kwa dakika moja nilisahau kila kitu nikataka kupiga kelele za furaha. Kisha nikasikia fimbo ya Bibi ikigonga mlangoni, anaingia, na nikajua kwamba akipanda kitanda na kupapasa ukingo wa dirisha, tumekwisha. Nilikikamata karibu na udongo nikakivuta. Kilitoka na mzizi wake mweupe na ile punje iliyosinyaa ikining'inia. Sikuwa na mfuko, sare nilikuwa nimeshaivua. Nikakitia mdomoni.

Bibi alisimama mlangoni, akainamisha kichwa upande mmoja. "Unakula nini, mke mwenzangu?"

Nikasema sili kitu. Alicheka, akasema wake wadogo wa siku hizi ni wachoyo, akageuka kwenda kukaa. Nilikitafuna nikameza. Kilikuwa kitamu. Punje yake ilikuwa imelainika na ilikuwa tamu kuliko mahindi yoyote niliyowahi kula, na udongo ukakwaruza kwenye meno.

Ilipofika wiki ya nne Bibi aliamua kukagua mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, baba na mama walikuwepo. Alichukua kopo la kwanza, akazamisha vidole, akatoa kile kilichobaki cha mbegu, na kilikuwa kama uji uliolala. La pili hivyo hivyo. Alipitia yote kumi na moja, pamoja na lile la dirishani, na mle alichimba muda mrefu zaidi kwa sababu hakukuta chochote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama nikishika kanga yake. Baba alisema mbegu zilikuwa mbovu, mama, wote tuliziona. Bibi akatikisa kichwa. Alisema mbegu mbovu ameziotesha nyingi, hata za mwaka wa njaa, zilizoliwa na dumuzi mpaka zikabaki maganda. Akaunyoosha ule mkono wa kulia mbele yake, mchafu mpaka kwenye kiwiko, akaugeuza huku na huku kama anauona.

"Ni mkono," akasema. "Mkono wangu umekufa."

Aliunawa, akaufunga ndani ya kanga yake, na kuanzia siku ile hakuutumia tena mbele ya watu ila kwa kula. Hakuuliza tena mvua imefika wapi. Asubuhi alibaki kitandani mpaka jua likapanda. Utani ulipungua, akaniita jina langu la shule kama walimu. Wala hakuzungumzia kwenda nyumbani, na baba alipoligusa alisema, nikafanye nini huko? Mimi nilikuwa nimepata nilichotaka. Nilitoka shule kila siku na kumkuta. Nilikuwa nikimwita kutoka kwa majirani na yeye anaitika, ila kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, na nikawa naacha kuita.

Mvua ilikuja kwa nguvu mwaka ule. Maji yalishuka mlimani kati ya mawe yakibeba takataka za watu mpaka chini barabarani. Mama alijifungua mvua ikinyesha, na mtoto, msichana, akaitwa Kabula, jina la mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Katika ukoo wetu Bibi ndiye aliyempakata kila mjukuu siku ya kumtoa nje. Mimi nilipelekwa kijijini nikiwa na wiki chache ili tu anipakate. Siku hiyo ilipofika mama alivaa vizuri, akamfunga Kabula kwenye kanga mpya, akaja kumwekea Bibi mapajani. Bibi akajivuta nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, mikono yote miwili ameificha. "Mpe mwingine," akasema. Mama alidhani hajasikia vizuri, akamsogezea tena, na Bibi akasema tena, kwa ukali, mpe mwingine. Mama alirudi chumbani kwake akalia. Baba alijaribu kumweleza habari ya mkono, lakini mama hakutaka kuisikia, alisema hivyo ni visingizio, kwamba Bibi alitaka mjukuu wa kiume na ameletewa msichana wa pili. Tangu hapo wale wanawake wawili waliishi nyumba moja kwa salamu tu. Shikamoo, marahaba, basi.

Bibi alikufa masika, Kabula akiwa hajaanza hata kukaa. Aliugua siku nne, homa na kifua. Tulimpeleka nyumbani kwake kwenye gari la kukodi, na tulipofika mahindi ya watu yalikuwa yametupita kimo pande zote za njia. Majirani walituambia walimsubiri mwezi ule wa kupanda, wakasikia amekuwa mtu wa mjini, wakapanda wenyewe. Walisema hivyo kwa upole tu, kama watu wanavyosema msibani. Mimi nilitapika nyuma ya nyumba, na shangazi mmoja akasema ni safari, mtoto hajazoea gari.

Miaka imepita. Sasa nina nyumba yangu Buswelu, nina kazi ya ofisini mjini Nyamagana, nina watoto watatu, na uani kwangu kuna udongo wa kutosha. Mwaka juzi niliingia kwenye duka la pembejeo kununua mbegu za mboga nikaona pakiti ya mahindi matamu. Moyo ulinilipuka. Kijana wa dukani akanieleza, bila kuulizwa, kwamba hizi ndivyo zilivyo, zimesinyaa kwa asili, nisione nimeuziwa mbovu, na kwamba wengi huzianzisha ndani kwenye trei kwa sababu ni rahisi sana kuoza, maji kidogo tu yakizidi zinakufa. Nilisimama pale kama mjinga, nafsi inaruka kwa furaha. Kumbe zingeoza tu! Kumbe ni mbegu, si mimi! Nilitembea na furaha hiyo mpaka stendi, na hapo ulimi wangu ukakumbuka ile punje, na ikanibidi nikae kwenye benchi. Iliota. Ile moja niliyoiacha na maji kidogo iliota, kama Bibi alivyosema, na hiyo moja ingemtosha. Kisha nikajipa tumaini jingine, kwamba labda baba alikuwa akimdanganya tu, asingempeleka. Baba ameshakufa, nikamwuliza mama. Mama akasema, bila kujua ananifanyia nini, kwamba baba alikuwa ameshaomba ruhusa kazini na ameshapatana na dada yake aende kukaa na Bibi kijijini. Alikuwa anasubiri mche mmoja tu.

Kabula sasa ni mtu mzima, ni mwuguzi, ana watoto wawili, na kila ndugu wakikutana na habari za Bibi zikianza, anasema kwa mzaha ule ule, "Mimi nyamazeni, mimi hakunitaka." Watu wanacheka. Amekuwa akisema hivyo tangu akiwa msichana mdogo, maana ndivyo mama alivyomwambia, na mimi miaka yote hiyo nimekuwa nikicheka na wengine. Mwezi uliopita alikuja kwangu mchana mmoja, watoto wako shule. Mimi nilikuwa na trei za mahindi matamu sebuleni, maana nimekuwa nikiziotesha tangu siku ile ya dukani, kama adhabu au kama nini, sijui, na mahindi yake siyali. Aliziona akauliza ni nini. Nilifungua mdomo nimwambie ni mahindi, na yakatoka yote, sabuni, jagi, dirisha, mkono. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Hakunikatiza.

Nilipomaliza akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza kama Bibi alitaka kumshika.

Nikamwambia nilichokiona, ambacho mama hakukiona kwa sababu alikuwa amerudi Mwaloni na kutuachia mtoto mchana, nikishatoka shule, Bibi na mimi. Kabula akiwa amelazwa mkekani, Bibi alikuwa akisogea kwa magoti mpaka karibu, mikono iko nyuma ya mgongo, ameiviringisha ndani ya kanga yake mwenyewe, akainama polepole akitafuta pumzi za mtoto kwa sikio, na akaweka shavu lake juu ya tumbo la mtoto. Alikaa hivyo mpaka shingo ikamchoka. Alifanya hivyo kila siku. Siku moja Kabula alimshika pua na Bibi akacheka, cheko lake lile la zamani, kisha akaniambia nimtoe mtoto haraka asije akamgusa kwa kusahau.

Kabula alilia. Alilia kama mtoto, na mimi sikuthubutu kumgusa. Alipotulia alisema, "Nimemsema vibaya marehemu maisha yangu yote." Halafu, akinitazama usoni, akauliza swali la pili. "Ulimwona hivyo kila siku, dada. Kwa nini hukumwambia?"

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto. Ningeweza kusema niliogopa fimbo ya baba, na angekubali, kila mtu angekubali. Sasa nimeshaupita umri aliokuwa nao mama mwaka ule, nimelea, nimezika, naheshimiwa kanisani, na nyumba yangu mchana imejaa watu kiasi kwamba wakati mwingine natamani kimya. Yule mtoto wa ufunguo yuko mbali sana nami. Lakini ninamjua, na sikuona mtu mwingine wa kumsemea ukweli.

Nikamwambia Kabula, "Ningemwambia, mkono wake ungepona. Na angeondoka."